Namna ya kutafuta maudhui ya shairi na ya muvi kwa somo la Kiingereza, bila kubahatisha

Wadogo zangu wa Fomu Thrii na Fomu Foo, na nyinyi wa Gredi 10 mlioanza Januari 2026, hii nawaandikia nyinyi haswa mlioko huku Amu, Mokowe, Faza, Mpeketoni na kwengineko, manake kila mitihani ikikaribia naulizwa swali lile lile, nitajuaje shairi linasema nini na Kiingereza chenyewe nakikokota tu. Na sasa imeongezeka habari ya muvi, walioenda njia ya sanaa wana somo la tamthilia na filamu, na ata waliobaki kwa Kiingereza cha kawaida kuna maticha wanaweka muvi darasani alafu wanaitisha insha. Kwa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya pili ya Kiingereza ina maksi 80, na 20 kati ya hizo ni za ushairi ama fasihi simulizi, na ikija shairi ni shairi hujawahi kuliona maishani mwako. Kwaiyo kukariri hakukusaidii kitu hapo, lazima ujue njia.

Kabla ya njia yenyewe, hili moja muliweke akilini. Maudhui si neno moja. Mtu akiulizwa maudhui ya shairi anaandika "kifo", basi, kaweka kalamu chini. Kifo kimefanya nini? Kinaogopesha, kinapumzisha, kinaumbua matajiri, kinakuja kabla mtu hajaomba msamaha? "Kifo" ni mada tu, ni kile kitu kinachozungumziwa, na mashairi elfu yanaweza kuzungumzia kifo kila moja likasema lake. Maudhui ni sentensi nzima, yaani hili shairi linasema NINI kuhusu icho kifo. Namna ya kujipima ni rahisi, angalia kama mtu mwengine aliyesoma shairi hilo hilo anaweza kukubishia. Ukisema "shairi linahusu mapenzi" nani atakubishia? Hakuna, na ndo maana bado hujasema kitu. Ukisema "shairi linaonyesha kwamba anayependa sana ndiye wa mwisho kujua kama ameachwa", hapo sasa umesema, na hapo ticha atataka ushahidi.

Haya tuje kwa kusoma. Soma kwa sauti. Najua utaona haya ukiwa kwa prepu, basi soma kwa kunong'ona lakini midomo itembee. Na hapa sisi watu wa huku tuna shida moja ambayo imetokana na kitu kizuri. Tumelelewa na tenzi na kasida, mshororo wa utenzi una mizani 8, yaani silabi nane, na mara nyingi ukiisha na maana yake imepumzika, wa shairi la kawaida una mizani 16, nane kwa nane, na kina kinakwambia simama. Masikio yetu yamezoea kusimama mwisho wa mstari. Sasa mshairi wa Kiingereza anaweza kuanza sentensi mstari wa pili ikaja kuisha katikati ya mstari wa tano, na mtoto wa Amu anasimama kila mwisho wa mstari kama alivyozoea, anapata vipande vipande visivyoshikana, alafu anasema shairi ni gumu. Si gumu. Fuata nukta na koma, usifuate mwisho wa mstari. Chukua penseli, kila panapoishia sentensi piga kijistari cha kusimama, alafu soma sentensi kwa sentensi kama unasoma barua. Nusu ya mashairi yanayowashinda yanafunguka hapo hapo kwa hiyo penseli tu, na sijui kwanini hili halifundishwi wiki ya kwanza.

Ukishasoma hivo jiulize nani anazungumza. Si mshairi. Mshairi mwanamume anaweza kuandika kwa sauti ya bibi kizee, ama ya mti, ama ya maiti, na ukiandika "mshairi amefiwa na mumewe" mtahini atacheka. Sema nafsi neni, yaani ile sauti inayozungumza ndani ya shairi. Alafu anazungumza na nani, na wako wapi. Maswali haya ni mepesi na maksi zake ni za bure.

Baadaye tafuta vitu. Nasema vitu, vya kushikika, kuonekana, kusikika, kunukia. Pigia mstari kila kitu, usihangaike bado na hisia wala falsafa. Jiwe, taa, kiatu, mvua, sauti ya mlango. Manake mshairi mzuri hakwambii "nina huzuni", anakuwekea kikombe cha chai kilichopoa mezani na kiti kitupu, wewe ndo umalize. Vitu vikijirudia, ama vikibadilika, hapo kuna jambo. Na maneno magumu usikimbilie kamusi kwa kila moja, kwa mtihani kamusi hauna, zoea kuzungushia duara na kukisia kutokana na jirani zake, alafu ukiwa nyumbani tafuta yale matatu manne ambayo bila hayo sentensi haisimami.

Cha mwisho kabla hujaandika, tafuta mahali shairi linapogeuka. Karibu kila shairi zuri lina mgeuko, lilikuwa linasifu likaanza kulaumu, lilikuwa la jana likawa la leo, sentensi zilikuwa ndefu ikaja moja fupi ya kukata. Maudhui mara nyingi yamejificha hapo kwenye mgeuko, ukiupata umeshika shingo ya shairi.

Sasa twende na mfano wa kweli manake maneno matupu hayashibishi. Kuna shairi la Shelley, Mwingereza, linaitwa Ozymandias, lilitoka 1818, na huyu bwana alizaliwa 1792 akafa 1822 kwa dhoruba chombo chake kilipozama bahari ya Italia, hajafika miaka 30. Ozymandias ndo jina Wagiriki walilompa Ramesses wa pili, Firauni wa Misri. Shairi ni soneti, mistari 14, fupi kabisa, na ni la zamani kwaiyo liko bure kwa intaneti, halimalizi bando.

Kisa chake ni hivi. Msemaji anasema nilikutana na msafiri, huyo msafiri ndo anasimulia kwamba jangwani kuna miguu miwili mikubwa ya jiwe imesimama bila kiwiliwili, na pembeni uso wa sanamu umevunjika nusu umezama mchangani, uso umekunja, mdomo una dharau ya mtu aliyezoea kuamrisha. Chini kwenye jiwe kumeandikwa maneno ya mfalme mwenyewe, anajiita mfalme wa wafalme, anawaambia wakubwa wenzake waangalie kazi zake wakate tamaa. Alafu inakuja sentensi moja fupi, kwamba hakuna kengine kilichobaki. Na baada yake mchanga, mchanga, mchanga mpaka macho yanapoishia.

Pitisha njia yetu. Nani anazungumza? Hapa kuna sauti tatu, msemaji, msafiri, na mfalme kupitia maandishi. Kwaiyo sifa za mfalme zimetufikia mkono wa tatu, mtu kaambiwa na mtu aliyesoma kwenye jiwe, na huyu ndo aliyetaka dunia nzima imsikie! Tayari umepata pointi na hujagusa hata tashbihi. Vitu? Miguu, uso, jiwe, mchanga. Angalia kilichobaki na kisichobaki, miguu ipo kiwiliwili hakuna, dharau ya mdomo ipo lakini wa kudharauliwa hakuna. Mgeuko? Ile sentensi fupi baada ya majigambo. Na angalia ujanja wake, mfalme aliposema kateni tamaa alimaanisha hamtanifikia, lakini sisi tukisoma leo tunakata tamaa kwa sababu nyingine kabisa, kwamba kama huyu yamemfika haya basi na wengine wote njia ni hiyo. Maneno hayakubadilika, kilichobadilika ni kilichoyazunguka. Hiyo ndo kejeli, na ukiieleza hivo badala ya kuandika tu "kuna kejeli", ticha lazima akuongeze.

Sentensi ya maudhui sasa: shairi linaonyesha kwamba mwenye nguvu anayejijengea ukumbusho anaishia kujijengea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Kuna mwengine atasema hapana, maudhui ni kwamba sanaa inamshinda mfalme, manake kilichobaki vizuri ni kazi ya yule fundi mchongaji aliyeisoma roho ya bwana wake akaichonga usoni. Wote wawili wako sawa. Shairi moja linabeba zaidi ya moja, ilimradi kila moja uliegemeze kwenye vitu vilivyomo.

Mimi nalipenda shairi hili kulifundishia huku kwetu kwa sababu tuna ndugu yake. Al-Inkishafi, shairi la Kiswahili la Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambayo wengi wenu mumeisikia kwa wazee ikisomwa kabla ata hamjaenda skuli, nayo inaangalia majumba ya wakubwa wa Pate yaliyobaki magofu. Na yeye pia anafanya kazi kwa vitu. Taa za fuwele na shaba zilizowaka usiku ukawa kama mchana, na zile zidaka, vijishimo vya ukutani vilivyopangwa sahani za kichina sasa makinda ya ndege ndo wamelala humo. Nyinyi zidaka mnazijua, nenda nyumba yoyote ya mawe pale Mkomani utaziona, kwaiyo picha hii inawauma nyinyi kuliko itakavyomuuma mtoto wa Nairobi.

Sasa weka mawili pamoja. Mada ni moja, ukubwa na mali vimepita. Maudhui je? Shelley anamwangalia mfalme wa mbali, mgeni, wa kale, tena anamcheka kidogo. Sayyid Abdalla hacheki mtu, hao ni watu wa visiwa vyake mwenyewe, na anayemsemesha si msafiri wala mfalme, anausemesha moyo wake, anauuliza kwanini hauzinduki na mambo unayaona. Shelley anaishia kwenye mchanga mtupu, Sayyid Abdalla anaendelea mpaka akhera. Kwaiyo la kwanza linasema mwenye kiburi atafedheheka, la pili linasema mwenye kuyaona hayo na asibadilike yeye ndo mwenye hasara zaidi. Umeona? Ungeandika "mali inapita" kwa yote mawili ungekuwa umeyafanya shairi moja, na si moja. Na usione haya kutaja shairi la Kiswahili kwa mjadala wa darasa la Kiingereza, kwa insha ya mtihani ndo fuata swali lilivyotaka.

Haya muvi. Kosa kubwa la insha za muvi ni mtu kusimulia kisa. Kurasa mbili nzima, alafu akaenda, alafu akarudi, alafu akampiga. Ticha muvi ameiona, hataki kusimuliwa. Na kosa la pili ni kusikiliza maneno ya wahusika tu, yaani mtu anaisoma muvi kama tamthilia, na muvi inasema mengi zaidi kwa kamera ilipowekwa, mwanga ulipoanguka, na nani kawekwa mbali na nani.

Angalia mara mbili. Ya kwanza angalia kama watu, bila kalamu, cheka lia upendavyo. Ya pili chagua sini tatu nne tu, ile ya kufungua, ya kufunga, na moja mbili zilizokugusa, na hizo uziangalie sauti ikiwa umezima kabisa. Ndio, zima. Bila maneno utaanza kuona vitu, kumbe huyu kila akiongea yuko nyuma ya dirisha, kumbe rangi zimekuwa baridi tangu mama aondoke. Alafu igeuze, funga macho usikilize sauti peke yake, muziki unaingia lini na unanyamaza lini. Kunyamaza ndo mara nyingi kuna maana kuliko muziki.

Mfano wangu ni Citizen Kane ya 1941, Orson Welles aliitengeneza akiwa na miaka 25 na yeye mwenyewe ndo mchezaji mkuu. Najua, ni ya nyeusi na nyeupe, karibu masaa mawili, mtapiga miayo robo saa ya kwanza. Vumilieni. Ni habari ya tajiri wa magazeti anayekufa peke yake kwenye kasri, na mwandishi wa habari anazunguka kuuliza watu neno lake la mwisho lilimaanisha nini. Neno lenyewe siwaambii.

Kuna sini ya Kane akiwa mtoto. Ndani ya nyumba mamake anatia saini karatasi za kumpeleka akalelewe na benki, watu wazima wako karibu na kamera, wakubwa, na kule nyuma kabisa kwenye kijidirisha unamwona mtoto mdogo anacheza thelujini, hajui lolote. Yote kwa picha moja, mbele na nyuma vyote vinaonekana wazi. Hakuna aliyesema "mtoto huyu hana kauli kwa maisha yake", lakini kamera imesema. Ukiandika sini hii kwa insha, andika hivo hivo, nani mkubwa kwenye picha nani mdogo, nani anaamua nani hajui.

Nyengine ni ya meza ya kunywa chai asubuhi. Kane na mke wake wa kwanza, tunawaona asubuhi moja wana mapenzi wanasogeleana, inakatwa, asubuhi nyengine wanabishana kidogo, inakatwa, nguo zimebadilika, miaka imepita, mpaka ya mwisho wamekaa ncha mbili za meza ndefu hawasemeshani, yeye anasoma gazeti lake na mke anasoma gazeti la washindani wake! Ndoa nzima imekufa kwa dakika chache. Hapo uhariri, yaani vile picha zilivyokatwa na kuungwa, ndo umebeba maudhui, na ile meza.

Na kwa engo ya kamera msikariri ovyo. Mumefundishwa kamera ikiwa chini ikimwangalia mtu juu inamfanya aonekane mwenye nguvu, sawa, lakini Kane akishindwa uchaguzi wa ugavana kamera imewekwa chini kabisa, mpaka ilibidi sakafu itobolewe iingie, na yeye anaonekana jitu kubwa limesimama, na ndo kwanza ameanguka. Kwaiyo jiulize kila mara kamera inafanya nini HAPA, kwa huyu mtu, kwa wakati huu, usije na jibu la mfukoni.

Na muone shairi lilivyoingia humu ndani. Lile kasri linaitwa Xanadu, na taarifa ya habari mwanzoni mwa muvi inalitolea mistari ya Coleridge, mshairi Mwingereza, shairi la Kubla Khan lililochapishwa 1816, habari ya mfalme aliyeamuru ajengewe jumba la starehe. Mwisho wa muvi kamera inapita juu ya masanduku na masanamu aliyoyanunua Kane, mengine hayajafunguliwa ata, yamerundikwa mpaka huoni mwisho wake. Kumbuka mchanga wa Shelley. Kumbuka zidaka za Pate. Mada ile ile kwa mara ya tatu, na bado maudhui ni mengine, manake muvi haimcheki Kane kama Shelley wala haimwonyi mtu kama Sayyid Abdalla, inasema mtu aliyenyang'anywa kitu kimoja akiwa mdogo atanunua dunia nzima na hakitarudi.

Ukipewa insha ya kulinganisha shairi na muvi usiandike nusu ya kwanza shairi nusu ya pili muvi, utajikuta umeandika insha mbili zilizobebana mgongoni. Panga kwa hoja. Aya ya kwanza mfano, kila mmoja anatumia mabaki kuonyesha nini, hapo hapo weka miguu ya jiwe na hapo hapo weka masanduku. Aya ya pili nani anasimulia, msafiri kwa huku, waliomjua marehemu kwa kule, na wote hao hawamjui vizuri mtu mwenyewe. Aya ya tatu pale wanapoachana, na hii ndo ya maana zaidi, wengi wanaandika kufanana tu wakasahau kwamba tofauti ndo inaonyesha umesoma. Kila hoja ifuate na kitu kutoka kwenye kazi, maneno mawili matatu ya shairi kwenye alama za kunukuu ama sini uliyoieleza kwa mstari mmoja, alafu eleza kinathibitishaje. Kueleza ndo watu wanapokimbia, wananukuu wanaruka kwa hoja nyengine kana kwamba nukuu inajieleza.

Kiingereza kikikukwama, sentensi ya maudhui ifikirie kwanza kwa lugha ya nyumbani, iandike pembeni ya karatasi kwa penseli, ikishakaa sawa ndo uigeuze, alafu ufute. Wazo likiwa wazi Kiingereza chepesi kinatosha, "the poem shows that" na uendelee. Wazo likiwa halipo, misamiati mikubwa haiwezi kulificha.

Na ile "mwandishi anatufundisha kwamba tusiwe na kiburi" muipunguze tafadhali. Si kila shairi ni hotuba ya Ijumaa. Kuna mashairi yanauliza tu hayajibu, na kuna muvi zinaishia bila kukwambia nani alikuwa sawa, ukilazimisha funzo unaliharibu. Andika "linaonyesha", "linauliza", "linatilia shaka". Vile vitabu vya mwongozo vyenye orodha ya maudhui kumi vitumie kujisahihisha baada ya kupata yako, si kabla, manake ukianza navyo utakuwa unatafuta kwenye shairi kile ulichoambiwa kiko na utaacha kuona kilichopo.

Kwa mazoezi chukua shairi moja fupi kila wiki, ata la gazetini, fanya penseli, nafsi neni, vitu, mgeuko, alafu sentensi moja tu ya maudhui, mpe mwenzako akubishie. Akishindwa kukubishia kabisa irudie, iko pana mno.